Maji ya Mgeni

Mwezi uliopita walikuja mafundi kupaka chokaa shule ninayofundisha, hapa Masasi. Nchi inajiandaa kupokea mashindano makubwa ya mpira, na ingawa sijasikia mechi yoyote itakayochezwa huku kwetu, mkuu wa shule alisema hatujui nani anaweza kupita barabarani, tusije tukaaibika. Chokaa ilipomwagiwa maji ikaanza kuchemka ndani ya pipa, na harufu yake, ile kali inayokaba koo, ikanifuata mpaka darasani. Nikashindwa kuendelea na somo. Wanafunzi wangu wa darasa la pili walidhani naumwa. Mmoja, Rehema, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na sisi tutaletewa mgeni?" Nilimwambia akae chini, tena kwa ukali ambao mtoto yule hakustahili. Jioni nilimpigia baba simu Newala, nikamsalimia, nikamuuliza habari za mikorosho, kisha nikaaga. Lakini Jumamosi iliyofuata nilipanda gari kwenda kwake, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo nilikuwa sijamwambia tangu utotoni.

Ninyi wa umri wangu mliokulia Newala mtakumbuka kile kiangazi mji wetu ulipoambiwa kwamba utapokea mashindano ya vijana kutoka nchi kadhaa za jirani. Mtakumbuka mawe ya kando ya barabara yalivyopakwa chokaa, na miti, na hata kuta za vyoo vya soko. Mtakumbuka nyimbo za kukaribisha tulizofundishwa kwa lugha ambazo hakuna aliyejua maana yake. Wengi wenu mnasimulia siku zile kwa furaha, na sina ugomvi na furaha yenu. Kwetu mambo yalikwenda namna nyingine.

Tulikuwa watatu nyumbani: baba, mama na mimi, Zainabu, ambaye ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza darasa la kwanza. Wa nne alikuwa njiani, ila mimi sikujua. Kwetu mambo ya mimba hayasemwi wazi mbele ya mtoto. Mama alisema tu kwamba anatarajia mgeni. Tumbo lake nililiona likikua, lakini sikuliunganisha na neno hilo; nilidhani ni ugali wa muhogo.

Siku moja likapita gari la matangazo, spika mbili juu, vumbi jekundu nyuma, na watoto wote wa mtaa tukalikimbilia. Mtu wa ndani alikuwa akisema, "Wananchi wa Newala! Sisi ndio wenyeji wa mashindano! Kila mwenyeji ajiandae kumpokea mgeni wake kwa usafi na ukarimu!" Nilirudi nyumbani mbio. Mama alikuwa kibarazani anachambua kisamvu pamoja na jirani yetu, Mama Fadina, aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na uwanja wa mpira.

"Mama, tunaletewa mgeni!"

Mama akanitazama kwa mshangao. "Nani kakwambia?"

"Gari limesema."

"Haya, mwenzangu," Mama akamgeukia Mama Fadina, "kumbe mpaka gari linajua!" Wakacheka wote wawili, Mama akijishika kiuno, Mama Fadina akifuta machozi kwa ncha ya khanga. Hawakunieleza kitu. Kicheko kile kilinithibitishia kila kitu. Kama habari isingekuwa ya kweli, wasingeifurahia namna ile.

Usiku nilimuuliza baba, "Mgeni wetu atakuwa nani?"

"Mungu ndiye anayejua, mwanangu. Mimi namwomba awe wa kiume."

"Atajua kucheza mpira?"

"Atajua. Nitamfundisha mwenyewe."

Nilistaajabu sana. Sikuwa nimejua kwamba baba yangu anaweza kumfundisha mpira mtu aliyetoka nchi nyingine kuja kushindana.

Baba alikuwa mkulima wa korosho kama watu wengi, lakini kamati ya maandalizi ilimchukua kuwa mmwagiliaji wa nyasi za uwanja. Alipewa ovaroli ya bluu na buti za mpira. Asubuhi alikuwa akizivaa polepole, kibarazani, ili wapitao wamwone, nami nilikuwa nakaa karibu yake ili wanione pia. Nyasi zililetwa kwa lori, zimekatwa vipande vipande kama mikate, zikapandwa juu ya ule udongo wetu mwekundu ambao tangu nizaliwe haukuwahi kuota kitu zaidi ya nyayo za watu. Na nyasi zile zilikuwa na kiu. Kila asubuhi boza la maji lilifika uwanjani likiwa limejaa, na mchana likarudi tena.

Maji ya Newala mnayajua. Mvua ikinyesha, kila mwenye bati anakinga, anahifadhi kisimani uani, na kisima kikikauka unabaki na bomba la mtaa, na bomba likikauka unashuka bondeni. Mwaka ule visima vilikauka mapema. Kisha bomba la mtaa wetu likafungwa kwa kufuli. Tuliambiwa ni kwa muda tu, mpaka wageni waondoke, maana maji hayawezi kwenda mtaani na uwanjani kwa pamoja. Wanawake walinung'unika, lakini walinung'unikia majumbani. Meza ya Mama Fadina nayo iliondolewa pale uwanjani ikapakiwa kwenye toroli, kwa sababu moshi wake ungechafua macho ya wageni. Alirudi na karai lake kichwani, akaliweka chini mbele ya mama, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Jioni moja mama alimsubiri baba avue buti. "Baba Zainabu, hata ndoo moja? Unashinda na maji mchana kutwa."

"Yale maji yana wenyewe, Mama Zainabu."

"Wenyewe ni nani? Nyasi?"

Baba alizipanga buti ukutani kwanza. Alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti. "Nikichota mimi moja, kesho atachota na mlinzi, na keshokutwa mtaa mzima. Wataniambia mwizi. Vumilia, zimebaki siku chache."

Mama alivumilia. Alikuwa amekwisha kuweka akiba yake, madumu matatu ya lita ishirini chini ya kitanda, aliyojaza kabla bomba halijafungwa. Madumu yenyewe yalikuwa makuukuu, baba aliyapata kwa dereva wa boza. "Haya usiyaguse, Zai," mama aliniambia. "Ni maji ya mgeni. Hatutaki mgeni afike, tuanze kuhangaika." Tulipikia maji ya kuomba na ya kuungaunga, tukanawa uso kwa kopo moja wote watatu, na madumu yale yakabaki pale pale.

Wiki ya mashindano baba alihamia uwanjani, akawa analala huko na walinzi ili mbuzi wasiingie. Siku moja kabla ya mechi ya kwanza tuliruhusiwa shuleni mapema. Mwalimu alitupa bendera ndogo za karatasi akatuambia wageni wanaingia kesho, na kila mtu akahakikishe kwao ni pasafi. Nilipofika nyumbani mama hayupo, ameenda na Mama Fadina shamba la karibu kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini. Nikatazama chumba. Sakafu ilikuwa na vumbi. Shuka lilikuwa na doa. Na mgeni anaingia kesho.

Sikugusa maji yale kwa utundu. Nataka hilo lieleweke, ingawa halibadilishi kitu. Nilivuta dumu la kwanza, nikaliinamisha, nikachota kwa kopo, nikasugua sakafu mpaka saruji ikang'aa. Kwa la pili nikafua shuka na foronya na taulo la baba. La tatu nikalijaza kwenye karai nikaliweka bafuni kwa ajili ya mgeni kuoga, na yaliyobaki nikayanyunyiza uani, kama nilivyomwona baba akinyunyiza uwanja, ili vumbi litulie. Ua ukanukia vizuri. Nikakaa kibarazani kumsubiri mama anisifu.

Mama alisimama mlangoni muda mrefu, kikapu cha ming'oko kichwani. Alitazama sakafu, akatazama kamba ya nguo, akaingia chumbani, nikasikia madumu yakigongana, matupu. Alipotoka aliketi karibu yangu kibarazani.

"Zai, nani kakutuma?"

"Hakuna. Umesema ni maji ya mgeni. Mgeni anakuja kesho. Nimemwekea na ya kuoga."

Akanitazama. Nilisubiri kofi, kwa maana nilianza kuona kwamba nimekosea, ila sikujua wapi. Hakunipiga. Alienda bafuni kuangalia yale ya karai. Kuku walikuwa wamekwisha kuyaingilia. Akarudi, akanivuta, akanilaza kichwa mapajani mwake, tumbo lake likiwa karibu na sikio langu. "Umefanya vizuri kumjali mgeni," alisema. "Baba yako asijue. Sawa?" Nikasema sawa.

Asubuhi, kabla jua halijapanda, alichukua ndoo akashuka bondeni pamoja na Mama Fadina. Nilimsikia Mama Fadina akimwambia, "We shoga, kwa hali hiyo baki, mimi nitakuchotea." Mama akamjibu, "Ndoo yako moja ya watoto wako watano, ya kwangu utaibeba wapi? Nitakwenda taratibu." Mimi nikavaa sare, nikachukua bendera yangu.

Tulipangwa kando ya barabara kuanzia asubuhi, darasa kwa darasa. Jua likapanda. Karibu na saa sita vumbi likaonekana upande wa Masasi, ngoma zikapigwa, na basi la kwanza likapita, jeupe, mapazia yamefungwa. Kumbe wageni walikuwa wamelala Masasi, kwenye nyumba za wageni, na jioni wangerudi huko huko. Hilo sikulijua. Niliona kijana mmoja amesogeza pazia, akapunga mkono, nikawa na hakika kabisa kwamba ndiye wetu. Nikatoka kwenye mstari nikakimbia kando ya basi nikipiga kelele, "Mgeni! Nyumba yetu ni ile kule! Ile yenye bati!" Basi halikusimama. Mwalimu akanirudisha kwa sikio.

Nilikuwa bado nimesimama pale, nikiwa na imani atateremka baada ya mechi, Mama Fadina aliponifikia. Khanga yake ilikuwa imelowa kuanzia kiunoni na miguu yake ina tope la bondeni. Hakumwangalia mwalimu. Alinishika mkono.

"Twende nyumbani."

"Mgeni hajateremka, Mama Fadina."

Alichuchumaa mbele yangu, katikati ya zile kelele na bendera. "Mgeni wenu amekuja, mwanangu," alisema, "na ameshaondoka."

Nililia njia nzima, wala sikuwa nikimlilia aliyestahili. Nililia kwa sababu nilidhani yule kijana wa dirishani alipita njia nyingine, akafika, akabisha hodi, akakuta nyumba ni safi lakini haina mtu, akaenda zake.

Yaliyotokea nilikuja kuelezwa vipande vipande, kwa miaka. Mama alishikwa na uchungu wakati wa kupanda, ndoo kichwani. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye mteremko, wa kiume, hakulia. Wanawake waliokuwa wakichota maji walimzunguka mama kwa khanga zao, wakambeba mpaka juu. Mtu alitumwa uwanjani, na baba, aliyekuwa anamwagilia kwa mara ya mwisho kabla timu hazijaingia, aliutupa mpira wa maji uliounganishwa na bomba la uwanja ukiwa unamwaga, akamkimbilia dereva wa boza. Dereva hakumwomba ruhusa mtu yeyote. Mama alikimbizwa hospitali ya Ndanda kwenye kiti cha mbele cha boza, baba akiwa amemshikilia, maji ya uwanja yakichapa nyuma yao kwenye tangi kila kona.

Uwanjani hakuna aliyekumbuka kufunga yale maji mpaka kona moja ilipogeuka dimbwi. Wanasema mechi ilichelewa kuanza, kwa sababu wanawake wa mtaa wetu waliingia na ndoo na masufuria, wakateka lile dimbwi mbele ya jukwaa la wakubwa, mmoja mmoja, bila haraka, na walinzi hawakuthubutu kuwagusa. Hicho ndicho kisa ambacho wengi wenu mnakicheka mpaka leo. Sasa mnajua kilianzaje.

Mama alirudi baada ya wiki mbili. Bomba lilikuwa bado lina kufuli. Baba alikuwa ameshafukuzwa kazi kwa kuacha lindo, na nyasi zilikuwa zimeanza kuwa rangi ya mchanga. Hata mwezi haukupita mbuzi walikuwa wamezimaliza. Tumbo la mama lilikuwa limeondoka. Nilikaa karibu yake kitandani nikamuuliza swali nililokuwa nimelitunza siku zote hizo: "Mama, mgeni aliondoka kwa sababu hakunikuta?"

Uso wake ulibadilika, akaugeuzia ukutani. Akiwa bado amegeuka hivyo alisema, "Hapana. Alikuwa na safari yake."

Nilifika darasa la nne ndipo mama mdogo alipojifungua, na mtu akaniita uani, "Zai, njoo umwone mgeni." Niliingia, nikaona kichanga kwenye khanga, na palepale nikaelewa kila kitu kwa mara moja, gari la matangazo, kicheko cha kibarazani, madumu, bonde. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya jiko. Wakasema nimekula maembe mabichi.

Mama hakupata mtoto mwingine. Hatukulizungumzia tena jambo lile, si yeye, si mimi, si baba. Baba aliacha mpira kabisa. Redio ikianza kutangaza mechi alikuwa akiinuka kwenda shambani, hata kama ni jioni na hakuna cha kufanya huko. Mama alipofariki, nikiwa chuo cha ualimu, nilidhani siri imezikwa naye, na nikaona aibu kwa kuhisi nafuu.

Jumamosi ile nilimkuta baba kibarazani anabangua korosho za kula. Ni mzee sasa, macho hayaoni vizuri. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, mwalimu." Ananiita hivyo tangu nilipoajiriwa. Nilikaa chini kwenye mkeka nikamweleza yote bila kupumzika, kwa sababu nilijua nikipumzika sitamaliza. Madumu matatu. Sakafu. Shuka. Karai.

Mikono yake iliacha kufanya kazi. "Mama yako aliniambia yalivuja," alisema.

"Nini?"

"Madumu. Nilipomuuliza kule Ndanda ilikuwaje akashuka bondeni na akiba ipo, alisema yalivuja, amekuta chini kote maji. Na madumu yale niliyaleta mimi. Dereva aliniambia kabisa haya ni mabovu, yaangalie vizuri." Aliweka chini korosho aliyoishika. "Nilimnyima ndoo moja, halafu nikampa na madumu yanayovuja. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi, miaka yote."

Nilikuwa nimekuja kutua mzigo wangu, kumbe mama, ili kunifunika mimi, alikuwa ameutwika kwa baba, na sidhani kama alijua ni mzito kiasi gani.

"Kwa hiyo hayakuvuja," baba alisema.

"Hayakuvuja, Baba. Ni mimi."

"Ulikuwa mtoto."

"Na wewe ulikuwa na kazi yako."

Alitikisa kichwa, hakulikubali hilo, nami sikumlazimisha. Baadaye aliniomba nimwite Mama Fadina, ambaye naye ni bibi mzee sasa, anayetembea kwa fimbo. Baba alimuuliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza, kwa sababu siku ile waliozika walikuwa wanawake na yeye alikuwa Ndanda: mtoto alilazwa wapi?

Mama Fadina alimtazama baba, akanitazama mimi. "Mmechelewa kuuliza," alisema. "Twendeni."

Tulishuka ile njia ya bondeni taratibu, mimi nikiwa katikati, wazee wawili wameniegemea huku na huku. Si mbali sana kutoka ukingoni, Mama Fadina alisimama na kuelekeza fimbo yake penye mawe matatu yaliyopangwa, yameota majani pembeni. Alisema yeye na mama walikuwa wakija kupalilia kila mwaka, na mama alipofariki akaendelea peke yake mpaka miguu ilipomshinda.

Baba alipiga magoti kwa shida. Aling'oa majani kwa mikono, akipapasa kwa vile haoni, nami nikang'oa upande wangu. Palipokuwa safi alinyanyua viganja akaomba dua, nasi tukaitikia. Kisha, bila kunigeukia, akasema, "Alikuwa aitwe Bakari. Jina la babu yako."

Nilikuwa sijawahi kulisikia likitajwa kuwa la mtoto yule. Nilipiga magoti karibu yake nikamwomba aliseme tena.